Mafundo Mawili Shingoni

2 Machi

Kwa Fundi,

Shikamoo.

Hatujuani. Mimi ni karani mpya wa kiwanda. Nilianza mwezi wa kumi na moja, baada ya yule aliyenitangulia kuondolewa, na niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Aprili.

Ndani ya boksi hili kuna chupa sita za Nyeusi ya mwaka huu, ile bia nzito ya mtindo wa Kibelgiji ambayo kila mtu hapa anasema ni mtoto wako. Hazina lebo, kama kanuni yako inavyotaka, ili macho yasiusemee ulimi. Mama Mkurugenzi ameniagiza nikukumbushe, ingawa najua hujasahau, kwamba Nyeusi haitoki kiwandani mpaka uionje na uandike kwa mkono wako neno moja: Itoke.

Tangi la pili limeharibika. Lilisafishwa kwa dawa na halikusuuzwa vizuri, na sasa bia yake inanuka kama plasta ya kidonda. Kipara, msimamizi wa matangi, alimnusisha kila mtu, na kila mtu alirudisha kichwa nyuma. Itamwagwa. Uliyotumiwa wewe ni ya tangi la kwanza.

Mimi mwenyewe sijaionja. Mama anasema ulimi wa karani ukae mkavu ili kalamu inyooke. Mimi huandika tu wanayosema wenzangu. Kipara akisema "tamu tamu hivi", naandika "utamu wa wastani".

Boksi nimelikagua mara tatu. Chupa zilikuwa na vipande vya uzi shingoni, vimefungwa ovyo na vingine vimelegea, nami nimevikaza vyote vizuri. Aliyenitangulia aliondolewa kwa kuchanganya maboksi, kwa hiyo utaelewa kwa nini nakueleza hata habari za uzi.

Wako mtiifu,
Karani

*

6 Machi

Karani,

Marahaba, mwanangu. Boksi limefika salama, na uzi wako umekaza kweli. Nusura nitumie meno.

Binti yangu amenipa chumba kinachotazama ukuta wa jirani. Ni ukuta mzuri. Sasa naujua kuliko ninavyomjua jirani mwenyewe. Mafua ya Januari yalinilaza wiki tatu na tangu hapo magoti hayataki kazi, kwa hiyo chupa zako zimenipa sababu ya kuvaa shati la kola.

Nimeonja saa nne asubuhi, kabla sijala kitu. Andika hivi: povu la rangi ya karatasi ya kaki, linakaa. Puani, zabibu kavu, karafuu, ganda la mkate lililokaribia kuungua, na kwa mbali ndizi iliyoanza kuwa nyeusi. Mdomoni ni nzito lakini hailemei. Inamalizia kwa uchungu mdogo, kama mgeni anayejua kuaga.

Mkwe wangu alipita nilipokuwa naonja, akafungua dirisha, akatoka bila kusema neno. Yeye ni mtu wa chai.

Mwambie Mama mwaka huu tumepata.

Itoke.

Fundi

*

10 Machi

Kwa Fundi,

Shikamoo. Natumaini magoti yanaendelea vizuri.

Barua yako nilimpelekea Mama siku ileile. Alifurahi, na kujaza chupa kumepangwa tarehe 27.

Nakutumia chupa nyingine tatu. Nimesikia kwamba basi lililobeba lile boksi la kwanza lilikaa muda mrefu juani, na nikafikiri pengine joto limeibadilisha bia kidogo. Si kwamba nina shaka. Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu, ili faili likae sawa. Ningeshukuru sana kama ungezionja hizi kana kwamba zile hukuziona kabisa, kisha uniandikie mimi, si lazima Mama.

Na kama si usumbufu, ungenieleza kwa nini mkwe wako alifungua dirisha.

Wako mtiifu,
Karani

*

13 Machi

Karani,

Miaka ishirini na miwili nimeionja bia hiyo. Niliionja kabla hujajua kushika kalamu. Leo mtu wa miezi minne ananitumia mtihani ndani ya gazeti kuukuu na kuniambia habari za jua. Basi lile husafiri usiku. Mimi mwenyewe nimelipanda mara ngapi.

Nani amekutuma? Kama ni Mama, aniandikie mwenyewe. Ana mkono, na mimi ndiye niliyemfundisha kuosha glasi.

Dirisha la nyumba ya binti yangu si kazi ya kiwanda.

Chupa zako zinarudi kama zilivyokuja.

Fundi

*

16 Machi

Kwa Fundi,

Shikamoo. Hakuna aliyenituma. Habari ya jua niliitunga, na nakutaka radhi kwanza kwa hilo, kwa sababu ndilo dogo.

Tarehe 9, Kipara alikuja stoo kuchukua chupa sita zilizobaki, tulizodhani ni za tangi la pili, akazimwage. Alifungua moja, akanusa, akasimama.

"Karani, hii ni ipi?"

"Ya kumwaga."

"Ya kumwaga? Hii mbona nzuri?" Akaigeuza chupa, akaitazama shingo. "Nani kafunga uzi hivi?"

"Mimi. Ulikuwa umelegea."

Akakaa juu ya kreti, polepole, kama mtu aliyeambiwa habari za nyumbani kwake. Ndipo akanieleza kwamba uzi ule ni alama yake. Fundo moja ni tangi la kwanza, mafundo mawili ni tangi la pili. Chupa zote kumi na mbili zilikuwa mezani siku ile, sita kulia, sita kushoto, na mimi nikapita nikaongeza fundo kila nilipoona moja tu. Kisha mfagiaji akazisogeza afute meza, za kulia zikaishia kushoto. Nilipofunga boksi lako, zote zilikuwa na mawili, na mimi sikujua kwamba kuna cha kuhesabu.

"Hukuniambia ni alama," nikamwambia.

"Hukuniuliza. Mtu anakaza fundo la mwenzake bila kuuliza? Ungekuta kamba za viatu vyangu zimelegea ungenifunga pia?"

Akainuka kwenye kreti, akasema, "Sawa. Mimi sijaona kitu. Lakini mzee kaandika nini?"

Nikamwambia: zabibu kavu, karafuu, ndizi. Kipara hucheka hata akijigonga nyundo. Hakucheka.

Kwa hiyo ulichoonja ni bia ya tangi la pili, Fundi. Ile inayonuka plasta.

Nimekaa na sentensi hiyo dakika ishirini, na sijui kinachopaswa kuifuata. Nikimwambia Mama, mimi nimekwisha, nimefanya kosa lilelile la aliyenitangulia. Nisipomwambia, bia itakayojazwa tarehe 27 haijaonjwa nawe kabisa. Na kuna jambo la tatu ambalo sitaki kuliandika, kwa sababu linakuhusu wewe, na wewe ni mkubwa wangu.

Mama mkubwa, ninayeishi kwake, anasema siku hizi nakula kama mtu anayesubiri kuitwa. Anadhani nafanya kazi kwenye kiwanda cha soda.

Wako,
Karani

*

19 Machi

Mwanangu Karani,

Nimekaa na barua yako siku nzima nikiutazama ukuta.

Hilo jambo la tatu niliandike mimi. Mwishoni mwa Januari binti yangu aliniachia chungu cha maharage jikoni, nikakaa hatua mbili kutoka jikoni nikisoma gazeti. Alikuja mbio kutoka uani. "Baba, huoni moshi?" Moshi nilikuja kuuona. Harufu sikuisikia, na maharage yalikuwa makaa. Nikamwambia nilisinzia. Ni afadhali mzee anayesinzia.

Daktari amesema huenda ikarudi, huenda isirudi. Alisema hivyo huku akiandika kitu kingine.

Ulimi peke yake ni maskini. Unajua chumvi, sukari, uchungu, ukali wa siki, basi. Mengine yote ni ya pua. Nilipomimina chupa yako niliona povu, nikahisi uzito wake mdomoni, na hayo mengine nikayakumbuka. Sikudanganya, nilikumbuka.

Hapana. Nilidanganya. Nilijua wakati kalamu inatembea.

Nakuomba usimwambie Mama. Chupa hizo ndizo zinazofanya bado kuwe na mtu anayeniita Fundi. Hapa naitwa Babu, na kazi ya Babu ni kusogezwa na kiti chake ili wafagie.

Lakini hiyo bia lazima ionjwe. Kipara ana pua nzuri kuliko mbwa, ila hana maneno, na harufu isiyo na neno siwezi kuisoma nikiwa huku. Wewe maneno unayo. Pua je?

Fanya hivi. Saa nne asubuhi, usiwe umekula, usipake mafuta yenye manukato. Glasi ioshwe kwa maji matupu. Mimina, subiri povu lishuke nusu, kisha weka pua ndani na ufumbe mdomo. Usitafute jina la harufu. Majina ni ya watu wa vitabu na huwa wanaigana. Andika ulikutana nayo wapi. Ukimaliza kunusa ndipo umeze kidogo, na uandike tena.

Niandikie yote, hata yale unayoona ni upuuzi.

Fundi

*

22 Machi

Kwa Fundi,

Shikamoo. Nimefanya.

Nilitumia chupa mojawapo ya zile tatu ulizorudisha, za tangi la kwanza. Nilijifungia stoo ya karatasi, Kipara akasimama nje ya mlango akijifanya anarekebisha kitasa. Nilimimina kwa haraka hadi povu likamwagika kwenye viatu, na mchana kutwa nimetembea nikinata.

Haya ndiyo niliyopata.

Kwanza, jikoni kwa mama mkubwa, anapousahau mkate juu ya moto na kuukwangua kwa kisu. Hapo sina shaka.

Kisha chumba cha daktari wa meno, niliponyofolewa gego, pamba yenye mafuta ya karafuu. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Kisha mkoba wa bibi yangu mzaa mama, ambamo kila mara kulikuwa na zabibu kavu zimegandana na vumbi. Alikuwa akitugawia mojamoja, anasema ukila mbili utaota pembe. Nilishangaa kumkuta humo ndani, maana amefariki zamani, na nilikaa naye kidogo kabla ya kuendelea.

Jambo la mwisho pengine ni woga tu. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa na tofaa bichi kwenye droo. Alikuwa akilikata vipande tukiwa kwenye mtihani, na kila alipofungua droo harufu ilinifikia dawati la tatu. Harufu hiyo ipo ndani ya glasi. Nilitoka nje, nikapumua, nikarudi, bado ipo. Nikakifungua kizibo cha chupa ya pili, na humo pia ipo. Lakini mimi mtihani na woga vimekaa pamoja tangu utotoni, na asubuhi hii nilikuwa navyo vyote viwili, kwa hiyo usilizingatie sana jambo hilo.

Nilimeza kama kijiko kimoja. Kifua kilipata joto, mwishoni kukawa na kitu kinachochoma kidogo kooni. Nikaogopa nimelewa, nikaandika alfabeti yote ili nijihakikishe. Ilitoka sawa.

Kipara anasema hana wasiwasi. Kipimo cha sukari kimeonyesha namba ileile kwa siku sita mfululizo, kwa hiyo bia imemaliza kuchacha. Hii imekuwa wiki ya baridi sana huku, na kila mtu anataka kazi iishe arudi nyumbani. Chupa tupu zimeshaoshwa. Tarehe 27 ni Jumatatu.

Naomba uniambie kwamba ni woga.

Wako,
Karani

*

24 Machi

Karani,

Barua hii anakuletea mkwe wangu mwenyewe, sitaki ipitie posta.

Si woga. Tofaa bichi ni bia ambayo haijamaliza. Namba imesimama kwa sababu chachu imelala kwa baridi, na aliyelala si aliyemaliza. Mkiifunga ndani ya chupa sasa, joto litakaporudi itaamka humo humo na kuendelea na kazi, na chupa zitapasuka. Mwaka wangu wa pili nilifanya haraka kama hiyo. Nina kovu kutoka kiganjani mpaka kiwiko, na mimi nilikuwa na bahati, maana zilipasukia stoo, mbele yangu mimi niliyekosea. Zikipasukia dukani, mbele ya rafu anaweza kusimama mtu yeyote, na amebeba mtoto.

Isimame. Chumba cha matangi kipashwe joto, na Kipara akoroge polepole chachu iliyotuama chini. Namba itashuka. Kisha wiki tatu.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ni ya Mama. Nimemwambia sina pua tangu Januari, na kwamba aliyeona kasoro ni wewe. Nimemwambia pia kwamba boksi ulilonitumia lilikuwa sahihi, ni bia ya tangi la kwanza, na kosa lote ni langu. Barua nzima ni kweli isipokuwa mstari mmoja, na nimewahi kuandika mbaya zaidi, kama ujuavyo.

Mpe, kisha unyamaze. Kunyamaza unakuweza, wewe ni karani.

Fundi

*

1 Aprili

Kwa Fundi,

Shikamoo.

Barua nilimpa Mama Ijumaa ileile. Aliisoma amesimama. Alipomaliza akasema, "Kwa hiyo boksi lilikuwa sahihi." Hakuuliza, alisema tu, kwa hiyo sikujibu.

Ujazaji ulisimamishwa. Waliweka majiko mawili ya umeme kwenye chumba cha matangi, na siku ya tatu Kipara akaja mezani kwangu na kipimo mkononi kama mtu aliyebeba yai. Namba imeanza kushuka. "Karani," akasema, "hiyo pua uliificha wapi muda wote?" Watu wa matangini sasa wakinipita wananinusisha vitu: soksi, wino, chakula chao. Ilinifurahisha siku mbili.

Jana Mama aliwaita wote. Akasema kuanzia sasa hakuna chupa itakayotumwa kwako. "Mzee amekwisha. Ametumiwa boksi sahihi, mkononi, na bado hakujua anakunywa nini." Mmoja akacheka pale nyuma. Kisha Mama akanionyesha mimi kwa kidole, akasema angalau ofisini kuna mtu mmoja makini.

Nilirudi mezani. Nilipiga mihuri barua kumi na nne bila kusoma hata moja. Kisha nikaenda nikagonga mlango wake.

Nikamwambia: "Mama, boksi halikuwa sahihi. Nilituma la tangi la pili. Nilikaza mafundo ya Kipara."

Aliweka kalamu chini.

"Na aliyejua kwamba bia haijamaliza si mimi. Mimi niliandika habari za mwalimu na droo yake. Yeye ndiye aliyelisoma tangi humo, akiwa mbali, hana pua."

Aliuliza jambo moja tu. "Plasta ya kidonda, yeye akaandika zabibu kavu?"

"Ndiyo, Mama."

Aligeuza kiti kikatazama dirisha. Mabega yake yalitikisika. Sijui kama kilikuwa kicheko au kitu kingine, na sikuthubutu kuzunguka meza nitazame. Baada ya muda akasema, akiwa bado amenipa mgongo, "Bia isubiri wiki tatu. Na wewe pia."

Najua kwamba kwa kuufuta uongo wako nimelikuza kosa lako. Kukosa tofaa ni jambo dogo kuliko kukosa plasta. Nimelifikiria hilo baadaye, ngazini, kama kawaida yangu. Nisamehe.

Nimechoka, Fundi. Sikujua mtu anaweza kuchoka hivi kwa kazi ya kukaa.

Wako,
Karani

*

5 Aprili

Mwanangu,

Umeniharibia uongo wangu mzuri. Niliutengeneza asubuhi nzima, na nilikuwa nimevaa shati la kola.

Mama ameniandikia mistari minne. Ananishukuru kwa miaka yote, anasema sasa nipumzike. Ni neno zuri, kupumzika. Hata marehemu huombewa hilo. Lakini chini kabisa, baada ya sahihi, ameongeza kwa kalamu nyingine: "Glasi bado naziosha kwa maji matupu." Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko ile minne.

Nyumbani nimewaambia. Mkwe wangu akasema alijua tangu siku ya dirisha, ila hakutaka kumwaibisha baba wa mke wake. Mwezi mzima alikuwa akirudi kutoka kazini, anaangalia jiko kabla ya kuvua viatu. Mimi nilidhani ana njaa.

Usiniombe radhi tena. Kwa umri wangu mtu akiombwa radhi kila siku anaanza kudhani kuna makubwa anafichwa.

Nina ombi. Bia ikiwa tayari, nitumie chupa moja. Si ya kupima. Nitumie na barua, uandike kama ulivyoandika ile ya tofaa, wapi na nani. Ile nilikaa nayo, nikamwona mwalimu wako na kisu chake, na kwa dakika moja, sitasema nilisikia harufu, lakini nilijua ilipo.

Fundi

*

23 Aprili

Kwa Fundi,

Shikamoo. Nyeusi imemaliza. Namba imekaa palepale siku nane, na chumba kina joto.

Boksi hili lina chupa moja. Uzi wake ni mwekundu. Kipara ameacha mafundo, sasa anatumia rangi, na amebandika ukutani karatasi yenye maandishi ya ukubwa wa kiganja: KARANI ASIGUSE UZI. Mama ameiona, hajaitoa.

Tumeonja watu watano, kila mmoja na karatasi yake. Kipara aliandika "tamu tamu hivi" kwa mkono wake mwenyewe. Kisha Mama akaniwekea mezani fomu ya kutolea bia. "Jaza," akasema. Nikauliza nijaze mpaka wapi. "Mpaka mwisho. Ikinirudia imetiwa sahihi, tutazungumza habari za mwezi wa tano. Isiponirudia, ujue pia."

Fomu ni ileile ya siku zote. Pale mwisho pamechapwa: Sahihi ya Fundi. Nimejaza yote isipokuwa hapo. Nimekaa na kalamu juu ya nafasi ile siku mbili na siwezi. Si pangu. Nimeiweka humu boksini. Zimebaki siku saba za majaribio yangu, na naona afadhali yaishe kuliko niandike mahali pako kana kwamba hupo.

Sasa ombi lako. Mwombe binti yako akusomee kuanzia hapa, na wewe ushike glasi, ufumbe macho. Mkwe wako anaweza kukaa. Leo dirisha halitahitajika.

Weka pua ndani.

Mama mkubwa ameuepua mkate umeungua upande mmoja. Analaumu jiko. Anakwangua kwa kisu, na makombo meusi yanaangukia sinia, na wewe umesimama mlangoni na sare ya shule, unajua utapewa upande ule mzuri.

Subiri. Usinywe bado.

Bibi anafungua mkoba. Ngozi ya mkoba ni kuukuu, inanuka sarafu kidogo. Anatafuta kwa vidole bila kutazama, anakupa zabibu moja. Unamwomba ya pili, anakuuliza kama unataka pembe.

Kwa mbali sana kuna pamba ya daktari wa meno, lakini jino limeshatoka na maumivu yameisha, imebaki karafuu tu. Na nyuma yake kuna ndizi iliyosahauliwa kwenye mfuko wa safari. Uliiandika mwezi wa tatu bila kuisikia. Mimi nimeikuta jana, mahali palepale ulipoiweka.

Tofaa limeondoka. Nimelitafuta asubuhi tatu. Mwalimu amefunga droo, ametoka darasani, na mtihani umekusanywa.

Meza sasa, kidogo. Lile joto linaloshuka kifuani sihitaji kukueleza, hilo ni lako bado. Mwishoni kuna uchungu mdogo. Haukai sana.

Wako,
Karani

*

28 Aprili

Karani,

Mkwe analeta hii kwa mkono, ili iwahi siku zako.

Binti alisoma. Mkwe alikaa, akaomba tone, akasema si mbaya kwa kitu ambacho si chai. Binti alipofika kwenye mkate alishusha karatasi, akaniuliza, "Baba, unasikia?" Nikamwambia aendelee kusoma. Alipofika kwenye mkoba wa bibi yako ikabidi mkwe ampokee karatasi. Tulimaliza chupa watu watatu, saa nne na nusu asubuhi, bila aibu.

Una kosa moja. Umesahau povu. Ni la rangi ya karatasi ya kaki, linakaa. Hilo nimeliona kwa macho yangu, kwa hiyo andika bila wasiwasi.

Fomu hii hapa. Lile neno Fundi nimelikata kwa mstari mmoja, kwa rula, lisije likaonekana limekatwa kwa hasira. Juu yake nimeandika Karani. Mahali pa sahihi nimepaacha wazi, ni pako sasa, utie kabla hujampa Mama. Mimi nimeandika lile neno tu, pembeni, kwa sababu mkono umelizoea.

Itoke.

Fundi